Mpe kazi kwanza: namna ya kumchora shoga kwenye vibonzo bila kumfanya kichekesho

Vijana wanaokuja kuchora kibarazani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, ukiwaambia wachore mwanaume anayependa wanaume, wote humchora mtu yuleyule. Kiganja kimelegea, nyonga imebinuliwa, kanga kiunoni, midomo imebetuliwa. Hata puto la maneno halijaandikwa, msomaji keshacheka. Mtu huyo hana jina, hana kazi, hana mama. Kachukuliwa kwenye vichekesho vya runinga, na kule kawekwa ili wenzake waonekane wanaume zaidi. Mimi huwaambia wafute, na siwabembelezi.

Si kwamba wanaume wa hivyo hawapo. Wapo, na wana haki ya kuchorwa. Ila wewe hujamchora mmoja wao. Umechora kicheko chako mwenyewe.

Anza na kazi. Mhusika ninayemtumia kufundishia nimempa jina la Mbaraka, fundi baiskeli wa Barabara ya 8. Mji huu wa baiskeli, hakuna asiyekijua kibanda cha fundi: beseni la maji ya kutafutia pancha, rimu zinaning'inia mlangoni, spoki ndani ya kopo la maziwa. Kwa kurasa tatu nzima mchore akibishana bei, akinyoosha rimu, akimwazima mtoto wa shule pampu. Grisi ionekane kwenye kucha. Habari za moyo wake bado.

Hilo alilifanya vizuri Lynn Johnston wa Kanada. Vibonzo vyake vya kila siku kuhusu familia moja vilianza kutoka magazetini mwaka 1979, na Lawrence alikuwa rafiki wa mtoto wa nyumba ile, jirani tu. Wasomaji walimwona akikua miaka mingi. Mwaka 1993 ndipo Lawrence akasema anampenda mwanaume. Yako magazeti yaliyoviondoa vibonzo vile, lakini wasomaji walikuwa wameshamjua kijana wenyewe. Kumgeuza mgeni ilikuwa vigumu.

Kinyume chake ni Northstar, shujaa wa vibonzo vya Marvel. Kanuni ambazo kampuni za vibonzo za Marekani zilijiwekea mwaka 1954 zilikataza hata kugusia mambo haya, na kwa hili hazikulegezwa hadi 1989. Kwa hiyo mchoraji wake, John Byrne, tangu 1983 alikuwa akisema kwa fumbo, kama jina la kanga: mwenye kulielewa alielewa, mwingine akaona nguo tu. Mwaka 1992, mwandishi mwingine akamfanya Northstar atangaze waziwazi, katikati ya ngumi, akipigana na shujaa mwenzake. Kihistoria ni jambo kubwa. Kiuchoraji, mimi naona fremu ile ni mbovu: mtu hasemi siri ya maisha yake huku akirusha konde, isipokuwa mwandishi ana haraka. Mafumbo ya Byrne yalikuwa na utamu zaidi. Ndiyo, najua hakuwa na hiari.

Sasa mapenzi yenyewe. Hapa ndipo wanaoiga vitabu vya nje hupotea. Wao wanachora wanaume wawili wameshikana mikono, wakidhani wamemaliza kazi. Simama saa kumi na moja jioni kwenye njia ya Raskazone uhesabu wanaume wanaotembea wameshikana mikono. Ni marafiki, na hakuna anayegeuza shingo. Alama hiyo kwetu haisemi chochote. Upinde wa mvua nao uache mawinguni.

Tumia umbali. Mbaraka na Rajabu wake wakiwa barabarani, wachore wameachana kuliko marafiki wa kawaida, mmoja mbele, mwingine nyuma kidogo na baiskeli katikati yao. Marafiki wengine kwenye fremu hiyohiyo wabebane mabega. Msomaji ataona kuna kitu hakijakaa sawa: hawa wawili mbona wanaogopana? Kisha ingia ndani, mlango umefungwa. Punguza ukubwa wa fremu, wasogeze. Rajabu anatia sukari kwenye kikombe cha Mbaraka bila kumuuliza vijiko vingapi. Mbaraka ananyoosha mkono bila kuangalia, na spana inawekwa kiganjani. Fremu nne, puto hakuna hata moja. Ukishindwa kuzuia mkono wako usiandike "nakupenda", weka kalamu chini ukanywe maji.

Miili isitoke kichwani. Alison Bechdel, alipokuwa akichora riwaya ya picha kuhusu yeye na baba yake, iliyotoka mwaka 2006, alijipiga picha katika mkao wa kila mhusika, akaigiza hata baba yake. Nawe simu unayo. Iegemeze kwenye chupa, weka saa ya kuhesabu, kaa kama Rajabu anayesubiri. Utagundua mabega ya mtu anayesubiri yanavyokaa, jambo ambalo kwa kukumbuka tu hulipati.

Familia usiikimbie. Gengoroh Tagame wa Japani, kati ya 2014 na 2017, alitoa hadithi ya Yaichi, baba anayelea binti peke yake, anayebishiwa hodi na Mike kutoka Kanada, mume wa marehemu pacha wake. Yaichi anababaika. Binti yake, Kana, anauliza tu: kumbe wanaume wawili wanaweza kuoana? Mtoto akiuliza, mkubwa analazimika kujibu au kunyamaza, na vyote viwili vinachoreka. Kwa Mbaraka, mweke mpwa wake wa darasa la tatu anayekuja kujaza upepo. Mama yake pia awepo, anayejua na hasemi, na anayepakua sahani mbili.

Wasagaji na waliobadili jinsia, utaratibu ni huohuo, ila wanawake wawili kukaa chumba kimoja kwetu hakumshangazi mtu, kwa hiyo fumbo lako itabidi liwe jembamba zaidi.

Jambo la usalama, na hili silifanyii mzaha. Usichukue sura ya mtu wa mtaani, wala kovu lake, wala kibanda chake chenye rangi inayojulikana. Tendo la wanaume wawili kwa Kanuni za Adhabu za Tanzania lina kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha, na mtaa hausubiri hakimu. Changanya pua ya huyu na masikio ya yule, hamisha barabara. Fundi halisi wa Barabara ya 8 asijikute kitabuni mwako.

Kabla ya wino, kurasa za penseli mpe mtu anayeyaishi mambo haya, kama unamfahamu na anakuamini. Usimsimamie akisoma. Nenda kanunue mhogo wa kukaanga, ukirudi muulize ni fremu ipi aliirudia mara mbili na ipi aliiruka. Aliyoiruka, ichore upya.