Goti la mtoto limevimba: eksirei, altrasaundi au MRI?

Hapa Nairobi wengi huanzia eksirei. Picha inatoka safi, mzazi anaambiwa mtoto anakua tu, basi. Lakini baridi yabisi ya watoto huanzia kwenye utando laini ndani ya kiungo, na eksirei haiuonyeshi vizuri. Mfupa huliwa baadaye. Eksirei ni ya kuondoa mambo mengine, kama mfupa uliovunjika.

Hatua ya 1. Andika ni kiungo gani, tangu lini, na asubuhi anachechemea kwa muda gani. Ugonjwa huitwa baridi yabisi ya watoto ukianza kabla ya miaka 16, ukidumu wiki 6 au zaidi, bila sababu nyingine. Akiwa na homa kali na hawezi kukanyaga, usingoje wiki: kimbia kesualti leo, huenda ni usaha ndani ya kiungo.

Hatua ya 2. Omba altrasaundi yenye Dopla. Haina mionzi, mtoto anakaa mapajani pako, na viungo kadhaa hupimwa kwa kikao kimoja. Dopla huonyesha damu inavyopita; utando uliovimba kwa ugonjwa huwa na damu nyingi. Ila gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, ya mtoto anayekua ina mishipa yake ya kawaida, na aliyezoea watu wazima anaweza kuiita ugonjwa. Kwa hiyo uliza, bila haya, kama anayepima amezoea watoto.

Hatua ya 3. MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, daktari akiitaka. Ndiyo inayofaa kwa taya, ambalo huharibika bila mtoto kulalamika, na kwa kiungo cha nyuma ambapo uti wa mgongo hukutana na nyonga. Huonyesha hata maji ndani ya uboho wa mfupa. Mara nyingi mtoto huchomwa gadolini, dawa ya kung'arisha picha, mshipani, kisha picha hupigwa mapema, kwani ikichelewa dawa huvuja kwenye maji ya kiungo na utando hautofautiki tena. Taja mapema kama ana shida ya figo. Wadogo hupewa dawa ya usingizi, kwa hiyo fuata masharti ya kufunga kula. Chai ya foleni hapana.

Hatua ya 4. Chukua sidii pamoja na ripoti. Picha ya leo hulinganishwa na ya mwakani.

Maswali

Mama, Umoja: Mwalimu, MRI ina mionzi?
Hapana mama, ni sumaku. Vua hereni na vibanio vya nywele. Kelele ni nyingi, mwambie mapema.

Baba, Rongai: Altrasaundi sasa ni safi. Tuache metotreksati, dawa yake ya baridi yabisi?
Msiiache, baba. Huenda ni safi kwa sababu ya dawa hiyo. Mpeleke kwa daktari wake, yeye ndiye wa kupunguza.

Shangazi, Kayole: Kwa nini tumetumwa kliniki ya macho, na macho yake hayana wekundu?
Ugonjwa huu unaweza kuleta uvimbe ndani ya jicho kimyakimya, na picha ya goti haitaonyesha hilo. Nendeni.