Duka Lisilo na Muuzaji: Namna ya Kuliendesha Darasani

Duka hili ni meza moja, bidhaa chache na kisanduku cha malipo. Muuzaji hakuna, na anayenunua haangaliwi na mtu. Linafaa darasa la tatu hadi la sita, na linaingia bila shida katika kipindi cha Hisabati au cha Historia ya Tanzania na Maadili. Hesabu za hapa chini ni za wanafunzi 50. Mwenye 90 agawe darasa: nusu wiki hii, nusu wiki ijayo. Ukiongeza bidhaa tu, foleni itakula kipindi chote.

Hatua ya 1: Pesa

Kusanya vizibo vya soda 160: 150 vya kugawa na 10 vya akiba. Vioshe, kisha vigonge kwa nyundo au jiwe hadi kingo zilale, maana yale meno hukata vidole. Paka kila kimoja alama ya rangi ya kucha upande wa ndani, rangi moja kwa vyote. Hatua hii usiiruke. Vizibo vinaokotwa kila mahali, na pasipo alama utakuta pesa za mtaani zimejaa kisandukuni kabla wiki haijafika katikati.

Kila mtoto anapata vizibo 3 kwa wiki. Vilale darasani, kila mtu na bahasha yake yenye jina, kwenye droo yako. Vikienda nyumbani vinapotea, na njiani wakubwa huwapokonya wadogo.

Hatua ya 2: Bidhaa na bei

- Penseli 24, kila moja vizibo 3 (jumla 72)
- Vifutio 6 vilivyokatwa katikati, yaani vipande 12, kila kipande vizibo 2 (jumla 24)
- Kadi 54 za fursa, kila moja kizibo 1 (jumla 54)

Jumla ni 150, sawasawa na pesa iliyo mikononi mwa watoto. Ulinganifu huu ndio moyo wa zoezi zima, kwa hiyo ukibadilisha bidhaa, rudia hesabu mpaka zilingane. Sababu utaiona Ijumaa.

Kadi zikatwe kwenye maboksi, pamoja na 10 za akiba utakazoficha hadi Ijumaa. Ziandike: kuchagua wimbo wa kufungia kipindi, kugonga kengele ya mapumziko, kukaa na rafiki kwa kipindi kimoja, kusomea darasa hadithi. Usiuze kadi ya kusamehewa kufagia wala ya kuachiwa kazi ya nyumbani. Ukifanya hivyo, umewafundisha kwamba kazi ni adhabu na mwenye pesa hujikomboa.

Hatua ya 3: Meza na kisanduku

Meza ikae kona ya nyuma, imezibwa kwa kanga iliyotundikwa kwenye kamba. Ukiiweka mbele ya macho yako, utakachopima ni woga. Chora mstari wa chaki mita 3 kutoka kwenye pazia. Foleni isimame hapo, na mnunuzi aingie mmoja mmoja.

Kisanduku cha boksi gumu kinatosha, kizibwe kwa gundi, kiwe na tundu la urefu wa sentimita 4 na upana wa sentimita 1. Ndani tandika kitambaa kinene. Bila kitambaa, vizibo vinalia vikianguka na foleni nzima inahesabu nani kalipa ngapi.

Duka lifunguliwe dakika 10 asubuhi na dakika 10 wakati wa mapumziko, basi.

Hatua ya 4: Hesabu ya kila siku

Teua wakaguzi watatu, wapya kila siku. Wahesabu mara mbili, kisha waandike ubaoni. Mfano wa Jumatatu:

Penseli zilikuwa 24, zimebaki 19: zimetoka 5 × 3 = 15
Vifutio vilikuwa 12, vimebaki 9: vimetoka 3 × 2 = 6
Kadi zilikuwa 54, zimebaki 43: zimetoka 11 × 1 = 11
Vizibo vinavyotarajiwa: 32. Vilivyomo: 28. Pengo: 4.

Hatua ya 5: Kuzungumza kuhusu pengo

Hapa ndipo walimu wengi wanapoliharibu zoezi. Wanapekua mabegi, wanaapisha watoto, wanauliza "nani?" Kuanzia hapo darasa linajifunza kujificha vizuri zaidi. Uliza tu: pengo hili linaweza kuwa limetoka wapi? Waanze na sababu zisizo na ubaya: mkaguzi kakosea, bei imesomwa vibaya, kizibo kimeangukia chini ya meza. Hesabuni tena. Likibaki, waambie kisanduku kinapokea malipo ya kuchelewa wakati wowote duka likiwa wazi, na hakuna atakayeulizwa. Yakirudi, pengo la kesho hupungua lenyewe.

Ijumaa, bidhaa zikiisha, waombe walio na vizibo mkononi wasimame. Pengo la 4 likiwa halikujazwa, kuna vizibo 4 mikononi mwa watoto na meza haina kitu. Wakaguzi waeleze kwa hesabu kwa nini. Wewe nyamaza. Mtoto aliyechukua bila kulipa hakumwibia mwalimu wala "duka". Sasa anamwona aliyekosa. Baada ya hapo walipe hao kwa kadi za akiba ulizoficha, 10 zinatosha kwa kawaida.

Mambo yanayokwenda mrama

Kisanduku kikizidi kinachotarajiwa, usishangilie. Angalia alama kwanza, kisha uliza kama kuna aliyemlipia mwenzake.

Usiahidi zawadi kwa siku isiyo na pengo. Watoto watachangishana vizibo kuziba tofauti, au watamtisha wanayemshuku. Vilevile usiweke alama za mtihani kwa uaminifu. Alama zitolewe kwa ile hesabu ya ubaoni, na kwa grafu ya mapengo ya wiki nzima ambayo kila kundi litachora.

Darasa la kwanza na la pili wasipewe vizibo, wanavitia mdomoni. Tumia vipande vya boksi, bidhaa za aina moja, bei kipande kimoja.

Baada ya wiki tatu au nne funga duka, maana msisimko unaisha na watoto wanalipa kwa mazoea. Wiki ya mwisho waachie wao wapange bei. Sharti ni moja tu, jumla irudi 150.