Kumlea Mtoto Ajue Kushukuru: Anzia kwenye Bakuli la Jirani

Mtoto wa miaka 3 akipewa andazi akasema ahsante, ameiga tu. Si vibaya, ulimi huzoeshwa mapema, kama shikamoo. Ila kushukuru hasa kunataka ajue kwamba aliyempa alikusudia, na angeweza kutompa. Akili ya kutambua nia za watu huanza kukomaa kwenye miaka 4 hadi 5, na hapo ndipo kazi ya wazazi inapokolea.

Andrea Hussong, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Marekani, na wenzake huitazama shukrani kwa sehemu nne: kukiona ulichopewa, kufikiri kwa nini umepewa, kuhisi, kisha kutenda. Nyumba nyingi hurukia ya nne. "Sema ahsante!" mbele ya wageni, mtoto ananuna, mama anaona haya, na zile tatu za mwanzo hazijaguswa.

Tanga njia rahisi ya kuzigusa ipo mlangoni. Mwezi wa Ramadhani, jirani wa Ngamiani analeta bakuli la mihogo ya nazi kabla ya magharibi. Usilipeleke jikoni kimyakimya. Mwite mtoto, funueni kawa pamoja, umuulize: "Nani kapika? Unadhani kwa nini katukumbuka sisi?" Maswali mawili yanatosha; yakizidi, atakujibu unachotaka kusikia. Kesho yake lioshe bakuli, tia machungwa mawili ya Muheza, na mtoto alirudishe mwenyewe kwa mikono miwili. Mfundishe kukitaja kitu: "Shikamoo bibi. Mama anashukuru, na mimi mihogo nimeipenda, tui lilikolea." Hawezi kusema hivyo bila kukumbuka alichokula. Usirudishe kingi kuliko kilicholetwa, jirani ataona amelipwa.

Akifika miaka 8 hivi, mpe kazi ya jikoni. Kizio kimoja cha nazi kwenye mbuzi kinatosha. Mkubwa akae karibu, kwa sababu nyama ya nazi ikishakuwa nyembamba meno ya mbuzi hufika kwenye vidole. Hapo mwachishe, umalizie wewe. Mkono uliochoka kukuna nazi unajua wali wa usiku umetoka wapi. Wavulana nao wakalie mbuzi, maana asiyewahi kuikalia hudhani tui hujitokea lenyewe.

Kinachobomoa yote haya ni masimango. "Nakulisha, nakuvisha, nakulipia ada, leo ndiyo malipo yako haya?" Maneno hayo hutoka kwa uchungu, na mara nyingi mzazi kweli amejinyima. Lakini mtoto anachoshika ni kwamba kila anachopewa ni deni, na litadaiwa siku ya ugomvi. Mtoto kama huyo akikua anaweza kukataa msaada, au akaupokea kisha akamkwepa aliyempa. Watu watamwita mtovu wa fadhila, kumbe anaogopa kudaiwa. Kwa hiyo unapomkanya, kanya kosa lenyewe: "Umemwaga chakula, kifagie." Ada iache nje ya maneno hayo. Na kama umeshamsimanga, mwite mkiwa wawili, mwombe radhi, umwambie ada unamlipia kwa kuwa ni mwanao.

"Wenzako hawana hata hicho" nayo haisaidii. Inamtia aibu mtoto bila kumwonyesha aliyempa.

Halafu sikilizeni midomo yenu wenyewe. Baba akileta samaki, mama ashukuru mtoto akisikia. Mama akipakua, baba naye vivyo hivyo. Dada wa kazi msimsahau. Nyumba ambayo hakuna anayemwambia ahsante inamfundisha mtoto kwamba wapo watu wasiostahili kushukuriwa, na hilo ni gumu kulifuta baadaye.

Kijana wa miaka 13 au 14 anaweza kuacha kabisa maneno matamu. Msimlazimishe. Akimpokea bibi kikapu chake cha sokoni bila kutumwa, hiyo ndiyo shukrani yake, mwambieni mmeiona.