Somo: Diski ya LUKS imegoma kwa sababu sdb imegeuka sdc

Swali hili halikauki: "Diski ilikuwa sdb, leo ni sdc, mashine haiwaki." Naandika jibu mara moja, atakayeuliza tena ataelekezwa hapa. Mifano ni ya Debian na Ubuntu. LUKS ni njia ya kufunga diski kwa neno la siri kwenye Linux.

Majina sda, sdb, sdc hutolewa na keneli (kiini cha Linux) kila unapowasha, kwa kufuata diski iliyoonekana mapema. Ongeza diski, hamisha waya wa SATA au sahau flashi kwenye mashine, na mpangilio unaweza kugeuka. Hata nvme0n1 si jina la kudumu ukiwa na NVMe mbili. Kinachodumu ni UUID (namba ndefu ya utambulisho), na diski iliyofungwa ina UUID mbili: ya kasha la LUKS, na ya mfumo wa faili ulio ndani ya kasha. Wengi hupotelea hapo.

1. Tazama ulicho nacho: `lsblk -f`. Penye crypto_LUKS ndipo kasha. Ext4 iliyo chini yake ndiyo ya ndani.

2. Chukua UUID ya kasha: `sudo cryptsetup luksUUID /dev/sdc1`

3. Nakili kichwa cha LUKS: `sudo cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sdc1 --header-backup-file kichwa.img`. Kiweke kwenye flashi, si kwenye diski hiyo hiyo. Kichwa kikiharibika na huna nakala, neno la siri halitakusaidia.

4. Ndani ya /etc/crypttab (orodha ya diski za kufunguliwa mashine ikiwaka):
`data UUID=uuid-ya-kasha none luks,nofail`
"data" ni jina unalochagua mwenyewe.

5. Ndani ya /etc/fstab (orodha ya mifumo ya faili ya kupandishwa, yaani mount):
`/dev/mapper/data /srv/data ext4 defaults,nofail 0 2`
Ukipenda UUID hapa, iwe ile ya ndani. Ukiona `unknown filesystem type 'crypto_LUKS'`, umeweka ya kasha. Bila nofail, diski isipokuwepo mashine itasubiri sekunde 90 kisha ikutupe kwenye hali ya dharura.

6. Kama mfumo wenyewe (/) uko ndani ya LUKS, jenga upya initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza mashine ikiwaka, ndio unaofungua diski). Soma polepole, maana mashine nyingi hufia hapa. Ukiwasha kwa flashi ya Ubuntu na kubofya diski kwenye dirisha la mafaili, inafunguka kwa jina la luks- likifuatiwa na UUID ndefu, wakati crypttab yako inasema sda5_crypt. Ukiingia kwa chroot (kuingia kwenye mfumo ulio diskini ukiwa umewasha kwa flashi) hivyo na kuendesha update-initramfs, utapata `WARNING: target 'luks-...' not found in /etc/crypttab`. Wengi huipuuza kwa kuwa ni onyo tu. Ukiliona, USIZIME MASHINE: initramfs imejengwa bila maelezo ya kufungua diski, na ukiwasha utaishia kwenye `(initramfs)`. Funga diski, kisha ifungue kwa jina lile lile la crypttab:
`sudo cryptsetup open /dev/sda5 sda5_crypt`
Kama kuna LVM (mpango wa kugawa diski ndani ya kasha), `sudo vgchange -ay`. Panda / kwenye /mnt, halafu /boot na /boot/efi, halafu dev, proc, sys na run kwa `--bind`. Ukisahau /boot, initramfs iliyo kwenye /boot halisi haitaguswa na mashine itaendelea kuwaka na ile ya zamani. Ndani ya chroot:
`update-initramfs -u -k all`
Bila `-k all`, keneli ya karibuni tu ndiyo hupata mabadiliko. Hakikisha kwa `lsinitramfs` juu ya faili la initrd lililo /boot, ukitafuta cryptroot/crypttab. Usitumie `uname -r` hapo, itakupa keneli ya flashi.

ONYO LA SWAP (sehemu ya diski inayosaidia RAM): mstari wa crypttab wenye /dev/urandom na neno swap hufuta patisheni hiyo kila unapowasha. Ukiandika /dev/sdb2 na kesho sdb ikawa diski ya data, umekwisha. Tumia /dev/disk/by-partuuid/. UUID ya kawaida haifai, kwa kuwa yenyewe hufutwa pamoja na swap.

MASWALI

chali_wa_naks: Ni ndefu sana, nipe komandi moja tu.
Jibu: Haipo. Anza hatua ya 1.

otis254: Mimi nimebadilisha sdb kuwa sdc kwenye crypttab na imewaka. UUID ya nini?
Jibu: Imewaka leo. Chomeka flashi uwashe tena.

njoro_lab: Samahani mwalimu, nilihamisha mfumo kwenda NVMe lakini jina bado ni sda3_crypt. Ni kosa?
Jibu: Swali zuri. Si kosa. Hilo ni jina tu la mapper (diski ikishafunguliwa), halielekezi kwenye diski yoyote. Kazi hiyo ni ya UUID. Liache. Kama linakukera, `dmsetup rename` hulibadilisha mashine ikiwa hai, kisha urekebishe crypttab na fstab na urudie update-initramfs, vyote kabla ya kuzima.

kondele_fundi: Huku Kisumu stima ikipotea, laptopu inabaki na betri ila diski ya nje yenye adapta yake inazima. Ikirudi ni sdc, na kufungua naambiwa `Device data already exists`.
Jibu: Ile mapper ya zamani bado inashikilia sdb ambayo haipo tena. `sudo fuser -vm /srv/data` ikuonyeshe nani anashika, funga programu hizo, `umount`, `cryptsetup close data`, kisha `open` upya. Kabla ya kupanda, `fsck /dev/mapper/data`. Si /dev/sdc1! Ikikataa kabisa kufunga, zima na uwashe mashine.

dada_wa_seva: Nyongeza: kuna makasha ya USB (maboksi ya diski za nje, si kasha la LUKS) yanayoripoti sekta za baiti 4096 badala ya 512. Ukitoa diski humo ukaiweka kwenye SATA, patisheni hazionekani kabisa.
Jibu: Kweli, dada, na watu hudhani LUKS imeharibika. Rudisheni kwenye kasha lile lile kwanza, mtoe data. Msikubali kuandika jedwali jipya la patisheni.

chali_wa_naks: Nimeanza hatua ya 1. Sioni crypto_LUKS popote.
Jibu: Bandika matokeo yote ya `lsblk -f`, kwa maandishi, si picha ya simu.