Jinsi ya Kutoa Simu na Kompyuta Kuukuu kwa Urejelezaji Bila Kumdhuru Mtu

Katika kibanda changu cha kutengeneza simu jijini Nairobi, mteja nikishamweleza kwamba kifaa chake hakitengenezeki, swali linalofuata huwa moja: "Sasa fundi, hii niipeleke wapi?" Wengi huishia kuirudisha nyumbani na kuitia kwenye droo, pamoja na chaja zilizokatika na betri ambazo hakuna anayekumbuka zilitoka wapi. Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaoutumia mwenyewe, na mpangilio huo una sababu: taarifa hutangulia kwa kuwa kuzifuta kunahitaji betri yenye chaji, betri hufuata, kisha kifaa hutoka nyumbani kikiwa kizima.

Hatua ya kwanza: thibitisha kwamba kifaa kimekufa. Simu nyingi zinazosemekana hazishiki chaji huwa na nyuzi na vumbi la mfukoni vilivyoshindiliwa ndani ya tundu la chaji. Zima simu, chokoa tundu taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao, kisha jaribu chaja na waya mwingine.

Hatua ya pili: ondoa taarifa zako. Nakili picha na namba unazozihitaji, kisha toa laini na kadi ya kumbukumbu. Ingia kwenye mipangilio uondoe akaunti ya Google. Kwa iPhone, zima huduma ya kutafuta simu iliyopotea na utoke kwenye akaunti ya Apple. Baada ya hapo ndipo urejeshe simu katika hali ya kiwandani. Anayeifuta kwa kubonyeza vitufe vya pembeni huku akaunti ikiwa bado imo, huacha simu inayodai neno siri la zamani kila inapowashwa, na simu ya namna hiyo, hata ikiwa nzima kabisa, haiwezi kupewa mtu mwingine, itabomolewa tu.

Kwa kipakatalishi, kufuta mafaili hakutoshi, kwa sababu mfumo huondoa anwani ya faili tu na yaliyomo hubaki kwenye diski. Windows 10 na 11 zina chaguo la kusafisha diski kabisa wakati wa kurejesha kompyuta katika hali ya kiwandani. Lichague, hata likichukua saa kadhaa. Ikiwa kompyuta haiwaki, fungua uitoe diski, uikabidhi peke yake na uombe isagwe.

Hatua ya tatu: shughulikia betri. Hapa naomba msomaji asiharakishe. Betri ya lithiamu huhifadhi nguvu nyingi mahali padogo, na ikitobolewa au kupondwa inaweza kuwaka moto ambao ni mgumu kuuzima. Acha chaji ishuke chini ya asilimia 30 kabla ya kusafirisha kifaa. Betri inayotoka kwa mkono, itoe na ufunike vituo vyake vya shaba kwa tepu ya umeme, ili visigusane na chuma kingine ndani ya mfuko. Iliyogundishwa ndani, iache humo humo.

Iliyovimba ina taratibu zake. Mteja mmoja aliniletea simu ambayo kioo chake kilikuwa kimeinuka upande mmoja kiasi cha kupitisha ukucha. Alikuwa akikibana kwa mpira wa kufungia noti na kuendelea kuichaji usiku. Nilipoisogeza puani nilisikia harufu tamu, kama ya rangi ya kucha, dalili kwamba maji ya ndani yalikuwa yameanza kuvuja. Simu ya aina hiyo usiichaji tena, usiibonyeze, wala usijaribu kuitoboa ili upepo utoke. Iweke ndani ya kopo la bati lenye mchanga mkavu, usikaze kifuniko, na kopo likae nje mbali na vitu vinavyoshika moto hadi siku ya kuipeleka.

Hatua ya nne: usivunje, usichome. Waya zikichomwa ili kupata shaba, plastiki yake ya PVC hutoa dioksini, sumu inayobaki mwilini kwa miaka. Televisheni za kichogo zina kioo chenye madini ya risasi, na bomba la picha lililo ndani yake linaweza kushikilia umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani. Skrini bapa za zamani huwa na taa nyembamba zenye zebaki. Na dhahabu inayozungumzwa sana ni takribani kilo 34 katika simu milioni moja, yaani miligramu 34 kwa kila simu. Anayeitafuta kwa tindikali uani anaumiza mapafu yake kwa faida ndogo mno.

Hatua ya tano: chagua wa kumpa. Mpokeaji awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, na usione haya kumwomba akuonyeshe. Hapa Nairobi kuna WEEE Centre, kituo cha kurejeleza vifaa vya umeme kilichotokana na mradi wa kuzipatia shule kompyuta. Muulize mpokeaji yeyote bodi, yaani kibao cha ndani chenye saketi, huenda wapi na plastiki huenda wapi. Anayetaka bodi peke yake atatupa kilichobaki jalalani. Siwadharau wakusanyaji wa mitaani, kwani ndio wanaotufikia mlangoni. Ninachowaomba ni wabebe kifaa kikiwa kizima na wakiuze kwa mwenye leseni. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawapa waagizaji na watengenezaji wajibu wa bidhaa zao hata zinapokuwa taka, kwa hiyo muulize pia aliyekuuzia kama anapokea vilivyochakaa.

Kwa ofisi, andika namba ya utambulisho ya kila kompyuta na kila diski kabla gari halijaondoka, na usitie sahihi ya makabidhiano hadi orodha yako na ya mpokeaji zilingane. Cheti cha kuharibiwa kwa diski kitaje namba hizo moja moja. Kinachosema tu "kompyuta 20" kirudishe kikaandikwe upya.