Jinsi ya kutazama na kutambua nondo nyumbani kwako

Mvua za vuli zikianza, kuta za baraza hujaa nondo, na asubuhi wengi wetu huwafagia bila hata kuwatazama. Inasikitisha, maana kuwaona vizuri hakuhitaji msitu wala vifaa vya gharama.

1. Chagua usiku. Usiku bora ni wa joto, mawingu na utulivu, hasa baada ya mvua. Mbalamwezi ikiwa kali, taa yako haitavuta wengi.

2. Tundika shuka nyeupe kwenye kamba ya nguo, uweke taa mbele yake giza likiingia. Balbu ya kawaida inafaa. Ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia inafaa zaidi, kwa sababu nondo huona miale ya urujuanimno tusiyoiona sisi. Pindo la chini lilaze ardhini na uangalie unapokanyaga, kwani wengi hutua hapo.

3. Tazama umbo kabla ya rangi. Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Magamba ya mabawa yakipukutika rangi hufifia, lakini mtindo wa kutua hubaki. Aliyekunja mabawa mgongoni kama paa la nyumba huenda ni wa jamaa ya viwavijeshi, Noctuidae. Aliyejibandika bapa ukutani, mabawa yote manne wazi, mara nyingi ni wa jamaa ya Geometridae. Mwili mnene uliochongoka na mabawa membamba yaliyoelekea nyuma? Huyo ni wa jamaa ya Sphingidae. Halafu angalia vipapasio: vya kipepeo huwa na kirungu nchani, vya nondo karibu wote havina. Madume ya jamaa ya Saturniidae wana vipapasio vipana vyenye matawi pande zote mbili, vya kunusia jike aliye mbali.

4. Anza na wawili walio rahisi. *Cyligramma latona* ni mkubwa, wa kahawia iliyoiva, mwenye doa la jicho kwenye kila bawa la mbele na mstari mweupe unaokatiza mabawa yote. Mchana hujificha kwenye vyumba vyenye giza. *Agrius convolvuli* ni wa kijivu, ila ubavuni mwa tumbo ana mistari ya waridi. Viwavi wake hula majani ya viazi vitamu, kwa hiyo kagua matuta yako.

5. Jua likizama, simama karibu na mpapai dume unaochanua. Sphingidae huelea hewani wakinyonya nekta, na utafiti uliofanywa Kenya umeonyesha kuwa ndio wachavushaji wakuu wa mipapai. Anayepuliza dawa ovyo anaua wanaompatia mapapai.

6. Piga picha kutoka juu na ubavuni, rula ikiwa kando. Usimshike mabawa. Pakia picha kwenye iNaturalist, tovuti ya kutambulia viumbe, ukitaja tarehe, mahali na mmea uliokuwa karibu.

7. Zima taa kabla ya alfajiri na ukung'ute shuka taratibu kichakani. Ukiiacha, ndege watawamaliza kukicha.