Vidonge vya moyo vya mama: tunavyovitumia na tunavyovinunua

Mama yangu moyo wake umetanuka, anatumia kavediloli. Kwenye boksi utaisoma carvedilol. Ni ya kundi la beta bloka: inapunguza kasi ya mapigo ili moyo usijichoshe. Alianzishiwa miligramu 3.125 asubuhi na jioni, daktari akampandisha taratibu hadi 12.5. Kila alipopandishwa alikuwa hoi siku chache. Nilidhani dawa inamdhuru, kumbe mwili unazoea.

Ale kwanza. Kwenye tumbo tupu dawa huingia haraka kwenye damu, presha inashuka akisimama. Kwetu ni uji asubuhi, na jioni chochote kilichopikwa. Akiamka anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, ndipo anyanyuke. Kabla ya kidonge namhesabia mapigo dakika nzima kwenye kifundo cha mkono. Daktari wake alisema yakiwa chini ya 50 nisimpe, nimpigie simu. Wako naye akuambie kiwango cha mgonjwa wako.

Sasa hela, maana hapa ndipo nilipokosea. Dawa hii haikatishwi ghafla. Mwaka juzi viliisha tarehe 24, mshahara wangu unatoka tarehe 30, nikasema siku sita si nyingi. Siku ya nne moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa tu, kifua kinambana, usiku tukalala hospitali. Siku hizi vikibaki 20 nakwenda kununua. Nikiwa sina hela ya vidonge 60 vya mwezi, nanunua vya wiki.

Dukani taja jina la dawa yenyewe, usitaje la kampuni, kisha mfamasia akutajie bei za watengenezaji wote alionao. Ukiwa na bima, uliza kabla hujatoka kliniki kama dawa imo kwenye kifurushi chako. Bei ikikushinda, rudi kwa daktari: bisoprololi, beta bloka nyingine, humezwa mara moja kwa siku, huenda kwenu ikawa nafuu. Usibadilishe mwenyewe, miligramu za dawa hizi hazilingani. Ukiandikiwa metoprololi, nayo ni beta bloka, ile inayoyeyuka polepole usiisage.

Mwenye pumu aseme kabla hajaandikiwa. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari ikishuka huenda asisikie moyo kudunda kama zamani, aangalie jasho.

Boksi la mama liko juu ya kabati la vyombo, ubavuni nimeandika kwa kalamu nyekundu tarehe ya kwenda kununua.